Kifundo kimeteguka mara ya tatu: niache mpira?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 24, niko Mbagala. Mchana naendesha bodaboda, jioni nacheza winga timu ya mtaani. Kifundo cha mguu wa kushoto kimeteguka mara tatu tangu mwaka jana, na kila mara unyayo unapinda kwa ndani. Mara ya kwanza bibi alinichua na maji ya moto yenye chumvi, ya pili nikaenda kwa fundi wa mifupa akanivuta. Maumivu huwa yanaisha baada ya wiki mbili hivi, narudi uwanjani, halafu kinateguka tena. Hii ya tatu ni wiki tatu zilizopita, nilitua vibaya baada ya kuruka kichwa. Sijawahi kupiga picha. Kocha anasema niwe nafunga bandeji tu, jirani anasema nikapige MRI, mama anasema niache mpira. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mama yako ana haki ya kuchoka, ila kwa hali uliyoeleza mpira usiuache. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, bado. Bandeji ya kocha ina kifaida chake kidogo, nitakieleza mbele. Shida yako naiona karibu kila wiki kwa wachezaji wa mchangani: mguu huo haujawahi kupona tangu ulipoteguka mara ya kwanza. Maumivu yaliisha, ukachukulia kwamba mguu umepona. Kazi ya kuufundisha mguu upya huanza pale maumivu yanapopungua, yaani siku ileile ambayo wewe ulikuwa unavaa njumu na kurudi uwanjani. Umeiruka kazi hiyo kila mara.

Lakini kwanza tuhakikishe hakuna mfupa uliovunjika, maana hujapiga picha. Kuna kipimo cha vidole na hatua kilichotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na hadi leo hutumika hospitalini kuamua nani apelekwe eksirei na nani asipoteze hela yake. Kaa chini, nyoosha mguu. Shika kile kifupa kilichotokeza upande wa nje wa kifundo, bonyeza ukingo wake wa nyuma kuanzia nchani, panda polepole kama sentimita 6. Rudia upande wa ndani. Kisha shuka kwenye ukingo wa nje wa unyayo; katikati ya kisigino na kidole kidogo utakuta mfupa umejitokeza kidogo, bonyeza hapo. Mwisho bonyeza upande wa ndani wa unyayo, juu ya ule upinde, mbele kidogo ya kifundo. Kama mfupa wenyewe unauma katika sehemu mojawapo ya hizo, au kama mtu hakuweza kupiga hatua nne pale alipoumia na hata alipofika hospitali bado hawezi, anahitaji eksirei. Kuchechemea kunahesabika kuwa hatua, mradi mguu umebeba uzito.

Kipimo hicho ni cha siku za mwanzo. Wewe uko wiki ya tatu, kwa hiyo ukibonyeza na mfupa bado unakufanya uruke, usiendelee kujipima, nenda kapige picha. Nenda pia kama maumivu yako ndani kabisa ya kiungo, kama kifundo kinakwama kisha kinajiachia, kama unasikia kitu kinaruka nyuma ya kile kifupa cha nje kila unapogeuza unyayo, au kama vidole vina ganzi. Mzazi unayesoma hapa, mtoto anayekua na mwenye maumivu juu ya mfupa usimpimie nyumbani. Mpeleke.

Tuchukulie mfupa ni mzima, kama ilivyo kwa wengi. Kilichoumia ni ligamenti, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Upande wa nje wa kifundo zipo tatu. Unyayo unapopinda kwa ndani huku vidole vikielekea chini, kama unavyotua baada ya kuruka kichwa, ile ya mbele ndiyo inayovutika au kuchanika kwanza, na kishindo kikizidi inafuata ya katikati. Ukiweka kidole mbele na chini kidogo ya kifupa cha nje, pale penye nyama laini, naamini hapo ndipo panapokuuma.

Ligamenti iliyochanika hujiunga. Inaanza kushikana ndani ya wiki chache, lakini kukomaa kwake kunachukua miezi. Wiki zako mbili hazikufika hata nusu ya safari. Na kuna jambo jingine ambalo wachezaji wengi hawaambiwi. Ndani ya ligamenti na misuli mna neva ndogo zinazouambia ubongo mguu umekaaje. Ukikanyaga shimo, taarifa inapanda, na misuli iliyo upande wa nje wa ugoko inakaza ili unyayo usipinde. Mguu ukishateguka, taarifa hizo zinachelewa na misuli ile inadhoofika, inakuwa kama mlinzi aliyesinzia getini: mwizi anaingia ndipo yeye anashtuka. Ndiyo maana mtu mwenye historia kama yako anateguka hata akishuka ngazi, wala hajagongwa na mtu. Watafiti wa Dublin, Ireland, waliwafuatilia watu walioteguka kifundo kwa mara ya kwanza, na baada ya mwaka mmoja wapatao asilimia 40 walikuwa na kifundo kisichoaminika. Hauko peke yako.

Kuhusu bibi na fundi nitasema wazi bila kuwavunjia heshima. Maji ya moto na kuchua kwa nguvu katika siku mbili tatu za mwanzo huongeza uvimbe, kwa sababu joto linafungulia damu mahali ambapo bado panavuja. Siku hizo mguu unataka kuinuliwa juu ya mto, bandeji ya kuvutika isiyokaza mpaka vidole vibadilike rangi, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 kama inakutuliza. Baada ya hapo bibi akikuchua taratibu na mafuta yake hakuna ubaya, unapata na hadithi. Fundi wa mifupa ni habari nyingine. Kifundo kilichoteguka hakina mfupa uliotoka mahali pake wa kurudishwa. Akikivuta anavuta ligamenti iliyokwisha kuchanika, na kama mfupa umepasuka bila kujulikana, anaweza kuuhamisha. Huko usirudi. Na ile tabia ya kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, saa moja kabla ya mechi ili "mguu ulale" iache kabisa. Hukuiandika, lakini nawajua mawinga.

Sasa jipime uone uko wapi. Simama bila viatu ukitazama ukuta, mguu wa kulia mbele, kidole gumba kikiwa sentimita 10 kutoka ukutani. Kunja goti mpaka liguse ukuta, kisigino kisiinuke hata kidogo. Likigusa, sogeza mguu nyuma kidogo na ujaribu tena mpaka ufike mwisho wako, uweke alama ya chaki. Fanya hivyo na wa kushoto. Wa kushoto ukipungukiwa na zaidi ya sentimita 2, kiungo bado kimekaza, na mguu uliokaza hautui vizuri. Kisha simama kwa mguu mmoja, vidole viwili vya mkono vikigusa ukuta, inuka juu ya vidole vya mguu na kushuka, polepole, mpaka uchoke. Hesabu kila upande. Mchezaji wa umri wako afikishe kama 25. Ukikuta kulia 25 na kushoto 14, umeshapata sehemu ya jibu lako. Mwisho simama kwa mguu mmoja, mikono kifuani, fumba macho. Mguu wa kushoto utatikisika kama gari bovu na utaweka chini wa pili mapema. Watu wengi hucheka hapo, kisha wananyamaza.

Mazoezi yenyewe hayahitaji jimu. Unahitaji tyubu kuukuu ya baiskeli, chaki, ukuta na godoro la kukunja. Fanya siku tatu kwa wiki, dakika zisizozidi 30, kwa wiki nane, wala usiruke mbele kwa sababu umejisikia vizuri.

Anza na lile la ukuta: goti liende mbele na kurudi mara 15, mara tatu, miguu yote. Halafu tyubu. Funga ncha moja kwenye mguu wa kitanda, ya pili izungushe sehemu ya mbele ya unyayo wa kushoto, ukae sakafuni ubavu wako wa kulia ukiwa upande wa kitanda ili tyubu ikuvute kwa ndani. Sukuma unyayo kwa nje, kisha urudishe ukihesabu moja, mbili, tatu. Faida kubwa iko kwenye kurudisha, na hapo ndipo watu wanapoachia tyubu ijirudie yenyewe. Kosa jingine ni kugeuza mguu mzima kutokea nyonga. Weka ngumi yako kati ya magoti na uibane. Ngumi ikianguka, umedanganya. Mara 15, seti tatu. Ongeza kuinuka juu ya vidole, kwanza miguu miwili, baadaye mmoja, ukiwa pembeni mwa ngazi ili kisigino kishuke chini ya usawa.

Kusimama kwa mguu mmoja ndilo zoezi nitakalokusumbua nalo zaidi. Anza peku kwenye sakafu ngumu, sekunde 30, goti limelegea kidogo. Vidole vising'ang'anie sakafu kama kucha za kuku, vilale, uzito uhisi uko kwenye kisigino, chini ya kidole gumba na chini ya kidole kidogo. Ukiweza bila kutikisika, kunja mikono kifuani. Ukiweza hivyo, fumba macho. Baada ya hapo panda juu ya godoro lililokunjwa na uanze upya. Hatua ya mwisho ni kurushiana mpira na mwenzio, au kuupiga ukutani na kuudaka, ukiwa bado juu ya godoro kwa mguu mmoja, maana uwanjani hakuna mtu anayekusubiri uutazame mguu wako. Hili unaweza kulifanya kila siku hata ukipiga mswaki.

Wiki ya tatu chora kwa chaki mistari mitatu inayoanzia sehemu moja: mmoja wa mbele, miwili ya nyuma iliyotanuka kulia na kushoto. Simama kwa mguu wa kushoto pale inapokutana, na kwa kidole cha mguu wa kulia fikia mbali uwezavyo kwenye kila mstari bila kuegemea, kisha rudi. Weka alama. Alama zikisogea wiki hadi wiki utaona mwenyewe kinachobadilika, na hiyo inasaidia siku za uvivu.

Kuruka kuje kuanzia wiki ya nne au ya tano, kama kutembea haraka na kukimbia polepole hakuumi. Ruka na kutua kwa miguu miwili kwanza. Utue kimya: nikisikia kishindo najua goti halijakunjwa. Goti lielekee vidole vinakoelekea, lisiingie ndani, na ukishatua ganda hapo sekunde mbili. Kisha mguu mmoja, mbele na nyuma. Kisha pembeni, kuvuka mstari wa chaki kulia na kushoto. Wewe ni winga, kwa hiyo hili la pembeni ndilo linalofanana na kazi yako, na ndilo litakalokuchosha. Wiki mbili za mwisho kimbia namba nane kuzunguka mawe mawili, anza na nane kubwa na uipunguze, halafu weka mpira mguuni.

Maumivu madogo wakati wa zoezi, tuseme matatu kati ya kumi, yanavumilika mradi asubuhi yake yamekwisha. Ukiamka kifundo kimevimba kuliko jana, umezidisha. Rudi hatua moja nyuma, usisimame kabisa.

Utaniuliza kama haya mambo ya kusimama kwenye godoro yana maana kweli. Uholanzi waliwachukua wanamichezo 522 waliokuwa wametoka kuteguka kifundo, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja liliongezewa mazoezi ya mizani ya nyumbani, bila msimamizi, mara tatu kwa wiki kwa wiki nane, takriban kama haya ninayokupa. Katika mwaka uliofuata, kati ya waliofanya mazoezi, walioteguka tena walikuwa asilimia 22. Wasiofanya, asilimia 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Si muujiza, kwa sababu bado mmoja kati ya watano aliteguka, lakini kwa zoezi lisilo na gharama mimi nalichukua.

Waholanzi haohao baadaye walilinganisha mazoezi na breisi, kile kifaa cha kufunga kifundo kwa kamba au kwa vishikizo vya pembeni, kikivaliwa kila mara mtu anapocheza kwa mwaka mzima. Breisi ilizuia kuteguka zaidi kuliko mazoezi peke yake. Kwa hiyo kocha wako hajakosea sana, ila bandeji ya kuvutika siyo breisi. Bandeji inalegea ukishatoka jasho, kipindi cha pili imebaki pambo. Ukipata breisi ya kamba inayoingia ndani ya njumu, ivae kwenye kila mechi na kila mazoezi ya timu kwa mwaka mmoja. Ushauri wangu ni kutumia breisi na mazoezi kwa pamoja, kwa sababu breisi inakaa kwenye begi na mara nyingine begi linasahaulika.

Rudi mechi pale ambapo umbali wa goti na ukuta umelingana, kuinuka juu ya vidole kumekaribiana, unaruka kwa mguu wa kushoto umbali ule wa kulia au pungufu kidogo tu, na umefanya mazoezi kamili na timu, pamoja na kugongana, bila kuvimba kesho yake. Wiki nane ni kadirio. Kuna wanaohitaji zaidi.

Na kocha nina neno naye. Timu nyingi za mitaani hupasha kwa mizunguko miwili ya uwanja na kujinyoosha kidogo, basi filimbi. Kuna programu ya kupasha ya FIFA inayoitwa 11+, ya dakika 20: mbio nyepesi dakika 8, mazoezi ya nguvu, mizani na kuruka dakika 10, na mbio za kasi za kugeuka dakika 2. Haitaki kifaa chochote zaidi ya koni, na koni unaweza kuweka chupa za maji. Ilijaribiwa hata kwenye ligi ya vijana ya Lagos, Nigeria, timu 20, kwa miezi sita, na utafiti uliotoka mwaka 2014 ulionyesha timu zilizoifanya zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Naupenda utafiti huo kuliko ule wa 11+ uliofanywa awali Norway kwa sababu moja tu: ni mpira wa Afrika. Ila ifanywe angalau mara mbili kwa wiki. Timu inayoikumbuka siku ya fainali haitapata kitu.

Bodaboda nayo ina sehemu yake. Mguu wa kulia unakaa kwenye breki, kwa hiyo kila ukisimama kwenye foleni unaotangulia chini ni wa kushoto, na huohuo ndio unaopandisha gia siku nzima. Ukiwa umevaa kandambili na ukatua kwenye kokoto za kando ya barabara na abiria wawili nyuma, unyayo unapinda palepale ulipopinda uwanjani. Vaa kiatu cha kufunga, chenye soli ngumu. Simama kabisa kabla ya kushusha mguu, uweke unyayo wote kwa pamoja, siyo ncha ya vidole. Kwa wiki hizi nane punguza abiria wa mishikaki. Najua ni kipato, lakini mguu huo ndio unaobeba bodaboda na mpira pia.

Upasuaji wa kukaza ligamenti za nje upo, na ule unaotumika zaidi ulianza kuelezwa na daktari wa Sweden, Broström, mwaka 1966. Matokeo yake kwa kawaida ni mazuri. Lakini unafikiriwa baada ya mtu kufanya mazoezi kwa uaminifu miezi mitatu hadi sita na kifundo bado kinamwangusha, na hapo ndipo MRI nayo inakuwa na maana, kwa sababu daktari anatafuta kitu mahususi: gegedu (ule utando laini unaofunika ncha za mifupa) lililochubuka ndani ya kiungo, au kano (inayofunga msuli kwenye mfupa) iliyochanika. Hata baada ya upasuaji utarudishwa kwenye tyubu na godoro.

Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, huna haja ya kuanzia Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Ukienda, mweleze mtaalamu kifundo kimeteguka mara ngapi, kwa mtindo gani, umefanya mazoezi yapi na kwa wiki ngapi. Hilo la mwisho ndilo atakaloliuliza kwanza, na ukimjibu "nilifanyafanya", atakuanzishia wiki ya kwanza.